Pemba Iliyotoka Kiwikoni mwa Baba

Sogeeni, wanangu, na mfungue dirisha la upande wa avenue, barabara yetu, ili majirani nao wasikie, kwa sababu neno nililobaki nalo si la kunong'onwa. Lilinong'onwa miaka hamsini na limekwisha kuoza. Patrice, kifungua mimba wangu, kaa kwenye kiti, usiulazimishe mguu huo kukubeba. Chimène, niinulie mto, pumzi imekuwa nzito. Jeancy, zima simu. Nawe Aimée, usisimame mlangoni kama mgeni aliyekuja kuomba maji. Ingia, keti hapa kitandani karibu na miguu yangu. Najua watoto wangu wanatazamana. Wanajiuliza kwa nini papa yao, ambaye daktari amesema figo zake zimekwisha, amemwita mwuza samaki wa Isangi aje kusikia wosia. Nitawaambia, na nitawaambia kwa Kiswahili, lugha ya marehemu mama yenu tuliyowalea nayo, maana ndiyo lugha ambayo mimi sijawahi kudanganya nayo jambo kubwa. Uongo wangu niliusema kwa lugha ya mtoni.

Nianze na lile la Alhamisi, kwa kuwa mtaa mzima wa Mangobo unalijua. Aimée alifika na kikapu chake cha samaki wa kukaushwa kama anavyofika kila mwezi. Patrice alikuwa amemngoja getini na vijana wanne wa avenue. Mimi nilikuwa hapa kitandani, lakini masikio bado ni yangu. Nilimsikia Patrice akisema, "Mama, rudisha mambo yako kwenu. Tangu unakuja hapa, papa anaisha. Sasa umefika kwa mimi." Nikasikia kikapu kikimwagwa mtaroni. Nikasikia mmoja wa vijana akiuliza, kwa sauti ya kawaida kabisa, kama anayeuliza saa, "Kubwa, tumupige?" Na kama mzee Mohamadi, jirani yetu, asingetoka kwake na kusimama katikati yao, leo tungekuwa tunazungumza juu ya maiti. Nilijaribu kuita. Sauti haikutoka. Nililia mbele ya ukuta.

Patrice, sikukuita hapa ili nikutukane. Najua hesabu uliyoipiga. Miezi mitatu iliyopita uliamka kidole gumba cha mguu kimevimba, chekundu kama mbegu ya mchikichi iliyoiva, na hata shuka ikikigusa unauma meno. Uliniambia kinawaka kana kwamba kuna makaa ndani. Ukaenda chumba cha maombi, na nabii akafumba macho, akakwambia anaona mwanamke wa mtoni anayeleta chakula nyumbani mwenu, akamalizia kwa methali, kikulacho ki nguoni mwako. Ukatazama huku na huku, ukamwona Aimée. Miaka tisa anakuja. Miaka tisa mimi nashuka. Hesabu yako ilitoka sawasawa, mwanangu. Na yangu ilitoka sawasawa, mwaka wa sabini na tatu, na ndiyo ninayotaka kuwasomea leo.

Sikilizeni basi. Baba yangu, babu yenu, alikuwa mtu mkubwa kule karibu na Yanonge, mkubwa wa jina na wa tumbo. Alikuwa na mitumbwi ya biashara, na shamba la michikichi lililoanzia nyuma ya nyumba likaishia msituni. Alipochinjwa mbuzi au nguruwe, au wawindaji walipoleta mnyama, vya ndani vilikuwa vyake: maini, moyo, figo, utumbo, hiyo ndiyo ilikuwa heshima ya mkubwa wa ukoo, na hakuna mtoto aliyethubutu kunyoosha mkono. Ndakala, wale samaki wadogo wanaoliwa na vichwa vyao, alikuwa akiwatafuna kama karanga. Na lotoko, ile pombe kali ya mahindi na mihogo, haikutoka karibu na kiti chake. Tulimwita mwenye afya.

Ugonjwa ulimwanza kidoleni kama ulivyokuanza wewe, Patrice. Siku tano anaomboleza, kisha unaondoka, naye anacheka na kuagiza maini. Miaka ikapita, ukapanda kifundoni, magotini, kwenye vidole vya mikono. Viwiko vyake viliota vinundu vigumu chini ya ngozi, vikubwa kama kokwa, na sisi watoto tuliogopa kuvitazama.

Mama yangu alipofariki, baba akaoa msichana wa upande wa Isangi. Jina lake Clémence. Alinizidi mwaka mmoja tu. Mimi nilikuwa na miaka ishirini na mmoja, nikalazimika kumwita mama.

Clémence hakujua kusoma, lakini alijua kuhesabu siku. Alikuwa akikaa jikoni akitazama baba anakula nini, kisha anatazama lini analia. Baada ya miezi michache akamwambia, mbele yangu, "Mume wangu, kila ukila vya ndani, siku ya pili au ya tatu unashindwa kusimama. Ukila makemba na majani, unatembea. Mimi sijui sababu. Nimeona tu." Baba akamcheka, lakini maumivu yalikuwa yamemchosha, akamwachia apike apendavyo. Akaanza kumpikia makemba, zile ndizi za kuchemsha, na pondu ya majani ya mihogo isiyotiwa ndakala, na kipande kimoja cha samaki mkubwa badala ya bakuli zima la wadogo. Akamletea maji ya chemchemi kibuyu asubuhi na kibuyu jioni, na lotoko akaificha. Maini yalipoletwa aliwagawia majirani. Na baba akatembea. Kiangazi chote kile alikwenda na kurudi mtoni kwa miguu yake mwenyewe.

Lakini binadamu, wanangu, haoni mguu unaotembea. Anaona nyama iliyopelekwa kwa jirani. Shangazi zangu wakaanza. Huyu msichana anamnyima mzee haki yake. Huyu anamkausha ili arithi. Maneno yalikuwa yakizunguka kama moshi wa kukaushia samaki, hujui umetoka jiko gani lakini nguo zote zinanuka.

Na mimi niliyavuta maneno yale kwa furaha. Nitawaambia kwa nini. Clémence alikuwa na mimba ya miezi sita, na baba alikuwa amesema wazi, mezani, kwamba mtoto yule, awe wa kike awe wa kiume, atapata nusu ya michikichi. Nusu. Mimi niliyekuwa nikiipanda tangu nikiwa na miaka tisa. Tangu siku ile sikuweza kumtazama mwanamke yule tumboni bila kuona shamba langu limekatwa katikati.

Kisha akafa mdogo wake baba, yakafanyika matanga makubwa, na baba akaenda. Kule hakukuwa na Clémence wa kumzuia. Alikula vya ndani siku tatu, akanywa siku tatu, akarudishwa amebebwa. Hakuwahi kuumwa namna ile. Alilia mpaka sauti ikakatika. Na siku ya nne, mchana, jua likiwa katikati ya anga na watu wamejaa uani, kinundu cha kiwiko chake cha kushoto kikapasuka.

Hakikutoa damu. Hakikutoa usaha. Kilitoa kitu cheupe, kizito, chenye chembechembe, kama chokaa iliyoloweshwa. Kilikuwa kikitoka polepole na kudondoka kwenye mkeka.

Watu walirudi nyuma wote kwa pamoja. Palikuwa na mganga aliyeitwa na shangazi zangu. Akachukua kidogo kwa kijiti, akakinyanyua ili kila mtu aone, akasema, "Hii ni nini kama si pemba? Nani katika nyumba hii ana pemba?"

Ninyi watoto wa mji mnaijua pemba sokoni, ule udongo mweupe unaouzwa vipande vipande, wajawazito wanautafuna. Kila mwanamke aliyekuwa uani siku ile alikuwa ameutafuna katika mimba zake. Shangazi zangu waliutafuna. Lakini siku ile mwenye mimba alikuwa mmoja. Wote wakanyamaza, na nadhani, mpaka leo nadhani, kwamba kama ukimya ule ungeendelea kidogo zaidi, mwanamke mmoja mwenye haya angesema, pemba ni chakula chetu sote.

Mimi nikaukata ukimya. Niliingia chumbani, nikatoa kikapu chake kutoka chini ya kitanda, nikakimwaga katikati ya ua, na vipande vya pemba vikabingirika mpaka miguuni mwa mganga. Kisha nikasema. Chimène, mwanangu, usinishike mkono, niache niseme. Nikasema, "Nilimwona. Alikuwa akikwangua pemba kwa kisu, akiitia kwenye mchuzi wa baba."

Sikumwona. Hakuna kisu nilichokiona, hakuna mchuzi. Wengine wote uani waliamini kwa sababu waliogopa. Mimi sikuamini, ila nilitaka iwe hivyo, na ulimi hauna mfupa, ukauendea uongo ule moja kwa moja kama mtu aliyekwisha kuijua njia.

Sitawaeleza yote waliyomtenda kabla ya kumfikisha mtoni, kwa kuwa mtoto wake ameketi hapa.

Naam. Mmesikia sawa. Aimée ni yule aliyekuwa tumboni. Aimée ni mtoto wa baba yangu. Ni dada yangu, na kwenu, Patrice, ni shangazi yenu, damu moja na hiyo inayovimba kidoleni mwako.

Aimée, dada, nilikudanganya miaka tisa. Nilikwambia nilimfahamu mama yako kidogo, kwa biashara. Niache nimalize kwanza, kisha utafanya utakalo.

Walimtia kwenye mtumbwi mbovu, na kasia moja. Baba alisikia kelele, akajivuta kwa tumbo mpaka kizingitini, akasema kwa ile sauti iliyokatika, "Mwacheni. Huyo ndiye aliyenifanya nitembee." Mganga akasema amefungwa ulimi, hajui asemalo. Nilikuwa nimesimama ndani ya maji mpaka magotini, kwa kuwa mimi ndiye niliyeusukuma mtumbwi. Clémence hakulia, wala hakunilaani. Laiti angenilaani, ningekuwa na kitu cha kumchukia nacho. Alinitazama akauliza, kama anayeuliza jambo la nyumbani, "Constant, kesho nani atampikia baba yenu?"

Tukampikia sisi. Tukampikia maini ili damu irudi, tukampikia supu nzito ya mifupa ili apate nguvu, tukamnywesha lotoko ili alale. Kila alipolia tukamwongezea. Alikataa, tukambembeleza; alifumba mdomo, shangazi zangu wakamfumbua kwa upendo. Miezi minne, wanangu. Tulimlisha mpaka akafa, na tulipokuwa tunamzika tulisema yule mwanamke alikuwa na uchawi mkali, hata akiwa mbali unafanya kazi.

Michikichi yote ikawa yangu. Kwa mafuta yake nikaja Kisangani, nikanunua kiwanja hiki, nikamwoa mama yenu, nikawasomesha. Hakuna tofali la nyumba hii ambalo halikutoka pale.

Miaka ishirini na mingapi nililala vizuri, sitawaficha. Kisha, nilipokaribia hamsini, niliamka kidole kimevimba. Nilikitazama nikakitambua kama mtu anavyomtambua ndugu. Na asubuhi ile ndiyo niliyomsikia kwa mara ya kwanza. Nilikuwa peke yangu chumbani, mama yenu yuko sokoni, mchana mweupe, na nyuma yangu nikasikia mtu anavunja pemba kwa meno. Nyinyi hamjui sauti ile ilivyo, ni kavu, ndogo, kama kukanyaga ganda la yai. Niligeuka, hapakuwa na mtu. Tangu siku ile kila mguu ulipovimba alikuja. Mara ni sauti, mara ni harufu ya udongo uliolowa, mara namwona ameketi kwenye kiti pembeni mwa chumba, tumbo lake juu ya mapaja, anatafuna, ananitazama. Hasemi. Mama yenu aliniuliza mara nyingi natazama nini ukutani. Nilimwambia ni maumivu.

Na niwaambie lililo baya kuliko yote. Nilifurahi. Ndiyo, nilimwogopa, lakini chini ya hofu palikuwa na furaha, kwa sababu kama Clémence amenifuata kuniua, basi kweli alikuwa mchawi, na kama alikuwa mchawi, basi sikusema uongo. Nilikwenda vyumba vya maombi nusu ya mji huu ili nimwombee aondoke, na moyoni nikiomba abaki. Nikaendelea kula kama baba. Yakubu, yule mchinjaji wa sokoni, Mungu amrehemu, alikuwa ananiwekea figo na maini kwenye karatasi kila Jumamosi akidhani ananitendea wema. Nilikunywa bia yangu. Maumivu yakija nilinunua vidonge kwa wale wanaouza kwenye sinia barabarani, vidonge vya kuua maumivu, nikavimeza viwili viwili, vitatu vitatu, miaka kumi na zaidi, na hakuna aliyeniambia kwamba vinachoua si maumivu tu.

Nipe maji, Jeancy. Kidogo tu. Asante.

Miaka tisa iliyopita kidole changu cha mkono kiliota kinundu, nikaenda kwenye kituo kimoja cha afya, upande wa Tshopo. Nesi aliyekuwepo ni Kavugho, mama mmoja wa kutoka Butembo, bado yuko pale. Alikigusa, kikapasuka. Nikaona cheupe kinatoka. Nilipiga kelele mpaka wagonjwa wengine wakasimama. Nikamwambia, "Ni pemba. Amenitilia pemba."

Akasema, "Nani, papa?"

Akakifuta kwa pamba, akanionyesha karibu, akasema, "Hii haiko pemba, papa. Hii ni uchafu wa nyama. Mwili ukivunja maini, figo, ndakala, bia, unaacha uchafu, asidi urike. Figo zako zinapaswa kuutoa kwa mkojo. Zikishindwa unabaki, unaganda kwenye viungo kama sukari chini ya kikombe. Wafaransa wanaita goutte, kwa Kiswahili kuna wanaoita jongo. Kwenu kuna mwingine alikuwa nayo?"

Nikasema baba yangu. Akasema, "Basi ulirithi."

Nikamwuliza, "Mtu anaweza kumtilia mwingine kwa chakula?" Akatabasamu, akasema, "Kwa chakula ndiyo, lakini kila mutu anajitilia yeye mwenyewe." Nikamwuliza tena, "Na kama mke wa mgonjwa angemwondolea maini, akampa makemba na majani na maji mengi, akamfichia pombe?" Akaacha kufuta. Akasema, "Huyo ndiye alikuwa daktari wake. Alikuwa nani?"

Nililia pale kwenye benchi mpaka akadhani ni uchungu wa kidole.

Wiki ileile nikashuka kwa boti mpaka Isangi. Nilimwulizia Clémence ufukweni. Bibi mmoja akanionyesha kaburi lisilo na msalaba, mbali na makaburi mengine, kisha akanielekeza kwa mwanamke aliyekuwa anageuza samaki juu ya moshi, akasema, binti yake ndiye huyo. Yule bibi ndiye aliyenisimulia. Sifa ya uchawi ilimtangulia Clémence kwao, ikafika kabla ya mtumbwi. Alijifungua peke yake. Yeye aliyejua kupika kuliko wanawake wote niliowahi kuwaona, hakuna mtu aliyekubali kula kitu kilichotoka mkononi mwake. Alikuwa akipeleka chikwanga, ile mikate ya muhogo, sokoni asubuhi na kurudi nayo yote jioni. Clémence alikufa Aimée akiwa na miaka sita. Na Aimée alikua akiitwa mtoto wa ndoki, yaani wa mchawi, mpaka alipozeeka kidogo na waliomwita hivyo wakaanza kufa.

Nilisimama mbele yake, dada yangu, sura ya baba ileile, nikashindwa. Nikanunua samaki. Nikamwambia aniletee kila mwezi Kisangani. Nilidhani kununua ni kutubu. Samaki wale siwali, Chimène anajua, yeye ndiye anayewagawa kwa majirani. Wala si sumu, avenue hii yote inawala na hakuna aliyevimba. Kilichoziua figo zangu, Patrice, ni maini yangu, bia yangu, na vidonge vya sinia. Nilikwisha kuharibika kabla Aimée hajakanyaga uani kwangu.

Sasa wewe. Unafungua depo ya bia, na wewe ni mteja wa kwanza. Kila Jumapili ni mishikaki ya moyo na maini na kaka zako wa kazini. Nabii alikwambia kweli, kikulacho ki nguoni mwako, ila nguo yenyewe ni ngozi yako, ni damu niliyokupa. Huu nao ni urithi, na haugawanywi kwa karatasi. Huenda Chimène anao, huenda Jeancy anao, mkapimwe wote. Kesho uende kwa Kavugho, si kwa nabii. Akikupa kidonge cha kila siku, ukimeze kila siku, hata mguu ukipona, hata ukijiona kijana. Mimi nilikiacha kila nilipopata nafuu, na tazama. Vya sinia usiviguse. Vya ndani waachie wenye damu nyingine. Ndakala na mbinzo, wale viwavi wa kuliwa, uonje tu, usijaze bakuli, na mchuzi wa mifupa uupite. Bia, mwanangu, iuze kama ni lazima, usiinywe, na usijidanganye kwa soda, sukari ile nayo inavimbisha. Kula makemba yako, wali, pondu, yai, papai, maziwa ukiyapata, kipande cha samaki mkubwa. Kunywa maji mpaka uchoke kuamka usiku kukojoa. Wala usijinyime chakula kwa hasira, mwenye ugonjwa huu akishinda njaa anauchokoza. Hayo si maneno ya Kavugho peke yake. Mengi kati yake Clémence aliyasema, akiwa na miaka ishirini na miwili, bila kitabu.

Ngoja. Ngoja nipumzike.

Mali. Nyumba hii ni yenu watatu, msiiuze, msiigawe kwa ukuta. Chimène akae vyumba vya nyuma maisha yake yote. Injini ya mtumbwi ni ya Jeancy. Shamba la michikichi la Yanonge, lote, si nusu, ni la Aimée na watoto wake. Baba alimpa nusu; nusu ya pili ni malipo ya ile niliyoila miaka hamsini. Karatasi iko kwa mzee Mohamadi, tumetia sahihi yeye na mimi. Atakayeipinga amenipinga mimi kaburini.

Na kabla hamjaniwekea msalaba, mpelekeni Clémence msalaba wake Isangi, wa sementi, wenye jina. Mimi nizikeni hapa mjini. Kwa baba msinipeleke, sina uso wa kulala karibu naye. Kisha wewe Patrice, kwa kuwa ni mkubwa, utapanda boti mpaka Yanonge siku ya soko, watu wakiwa wengi, utasimama pale mitumbwi inapofunga, utasema kwa lugha yao: Constant alisema uongo. Hakumwona. Useme hivyo tu. Usiongeze kwamba alikuwa kijana. Usiongeze kwamba alitubu.

Aimée. Huna wajibu wa kunijibu. Sikukuita unisamehe, maji yakimwagika hayazoleki. Nimekuita ujue kwamba mama yako alikuwa na akili na mikono safi, na kwamba aliyesema vingine alikuwa mimi.

Anasimama. Msimzuie. Jeancy, toka mlangoni, mpishe. Mwacheni aende, ana haki. Mlango... mmeufunga? Ufungueni, nataka kusikia nyayo zake mpaka getini.

Sisikii geti.

Chimène, nenda utazame. ... Unasema nini? Yuko jikoni? Anafanya nini jikoni? ... Ameuliza chumvi iko wapi.

Mpe. Mpe chumvi. Mpe kila atakachouliza. Patrice, inuka... polepole, shika ukuta... nenda ukampepee makaa. Akipika, wewe ndiwe utakayekula wa kwanza, uani, geti likiwa wazi, na wale vijana wa Alhamisi uwaite wakae wakutazame. Nenda, mwanangu. Usiseme kitu. Pepea tu.

Amekwenda?

Basi. Jeancy, shika mkono huu. Si huo, huo unauma. Chimène, wewe kichwa. Macho yananiacha, lakini pembeni kule... hakuna mtu leo. Kiti kitupu. Mnaona? Kitupu.

Wanangu. Mungu awape figo nzuri na midomo mizito. Mkitaka kumtaja mtu kwa ubaya, neno likwame. Mto uwapitishe. Chakula chenu kisiwageuke... na wa kuwapikia wasikose. Watoto wenu... watoto wa Aimée... wale sahani...

Sahani moja. Nimesema?

Nimesema. Vizuri.